Mabinti watatu, mama yao na thumni: jinsi ya kuandika riwaya ya mapenzi na fumbo katika nyumba ya kitajiri

Mswada wangu wa kwanza uliuawa na swali moja. Shangazi yangu aliusoma jioni nzima, akafika sura ya tatu, akavua miwani akanitazama. "Kwani watoto hawa hawana ami?"

Nilikuwa nimemfisha tajiri wa Mombasa na kuwaachia mabinti zake watatu kila kitu: jumba la Mji wa Kale, malori, viwanja. Ami, ndugu wa baba yao, alikuwapo. Tangu ukurasa wa pili amekaa barazani anakunywa kahawa, wala sikumpa kazi nyingine. Sikujua kwamba marehemu Mwislamu asiye na mtoto wa kiume hawezi kuwaachia mabinti mali yote huku ndugu yake akiwa hai. "Hujui mirathi," shangazi akasema, "na wataka kutusimulia habari za matajiri."

Niliuchana mswada nikaanza upya. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza njiani, kwa yeyote anayetaka kuandika riwaya ya dada matajiri, mama yao, mapenzi na siri. Mfano nitakaotumia ni hadithi ile ile baada ya kuisuka upya. Wahusika wote ni wa kubuni.

Hatua ya 1: Gawa mirathi kabla hujaumba mtu

Waandishi wengi huanza na sura za dada: mkubwa mkali, wa kati mpole, mdogo mtundu. Acha kwanza. Chukua karatasi na kalamu, piga hesabu. Katika nyumba ya kitajiri, kila anayecheka, anayelia na anayenyamaza ana tarakimu nyuma yake, nawe uzijue hata kama msomaji hutamwonyesha zote.

Hadithi yangu iko Mombasa, 1993. Mwaka huo simu za mkononi bado hazijafika mikononi mwa watu, kwa hiyo siri haiwezi kuvuja kwa ujumbe mmoja wa usiku. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika 1981, na 1990 ikarekebishwa ili mali ya Mwislamu aliyekufa igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Ukiiweka hadithi yako Moshi au Nyeri, hesabu zitakuwa nyingine na mivutano mingine. Usiichukue hesabu ya Pwani ukaipeleka mlimani.

Mzee Athman amekufa. Wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke mmoja, Bi Zuhura. Mabinti watatu, Rukia, Salma na Nuru. Na ndugu mmoja wa baba mmoja mama mmoja, Ami Twaha. Ikishatolewa gharama ya maziko, madeni yakalipwa na wasia ukatimizwa (wasia hauvuki thuluthi, na mrithi hausiwi bila wenziwe kuridhia), tuseme zimebaki shilingi milioni 72.

Mke mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane: milioni 9. Mabinti wawili au zaidi, bila ndugu wa kiume, hushirikiana thuluthi mbili: milioni 48, yaani 16 kila mmoja. Imebaki milioni 15, na hiyo huenda kwa asaba, jamaa wa kiume wa upande wa baba. Ni Ami Twaha huyo, na kikombe chake cha kahawa.

Sasa tia chumvi. Mzee Athman alikuwa akisafiri Tanga kwa biashara, na huko alioa kwa siri. Mke yule alikwisha kufa miaka mingi, lakini aliacha mtoto wa kiume, Khamis. Piga hesabu tena. Mama bado ana thumni yake, milioni 9. Zilizobaki, milioni 63, zinagawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mafungu ni matano. Khamis milioni 25.2, kila dada 12.6. Na Ami Twaha? Hapati hata senti. Mtoto wa kiume amemzuia.

Zitazame tarakimu hizo kwa utulivu, maana riwaya nzima imo humo. Khamis akijitokeza, kila dada anapoteza milioni 3.4 na ami anapoteza zote 15. Mama peke yake hapati zaidi wala hakosi. Kwake ni milioni 9 akiwapo Khamis, na ni milioni 9 asipokuwapo.

Nilipoliona hilo niliweka kalamu chini. Ndani ya nyumba ambamo kila mtu ana sababu ya fedha ya kusema au kunyamaza, yumo mmoja tu ambaye fedha haimsukumi kokote. Akificha jambo, analificha kwa sababu ya moyo. Basi fumbo likae kwa mama. Wengine watafute karatasi, nawe umfanye msomaji amtafute mama.

Angalizo moja: mke wa Tanga angekuwa hai na hajaachwa, wangegawana thumni ile ile, kila mmoja milioni 4.5, na mama angekuwa na sababu ya fedha kama wengine. Ndiyo maana nilimfisha mapema. Hakuwa na kosa, maskini.

Hatua ya 2: Chagua kilichopotea

Si lazima mtu auawe. Riwaya za aina hii zinapendeza zaidi likipotea jambo ambalo thamani yake inabadilika kulingana na aliyelishika. Kwangu mimi ni cheti cha ndoa ya Tanga. Bila ndoa kuthibitika, Khamis hana njia ya kumfikia kadhi. Cheti kilikuwa ndani ya kasha la Mzee, na usiku wa pili wa matanga kikatoweka.

Kwa nini usiku wa matanga? Kwa sababu nyumba ya msiba ya Waswahili imefungwa kwa ada, si kwa komeo. Wanawake wako ndani na juu, wanaume wako nje kwenye mabenchi na mikeka. Shemeji si maharimu wa mjane, yaani si jamaa ambaye ni haramu kumwoa. Ami Twaha hapandi ngazi ile huku wanawake sitini wamekaa juu wanasoma. Wenzetu wa Ulaya hufunga chumba kwa ufunguo ndipo wapate fumbo. Wewe umeletewa chumba kilichofungwa na mila bila gharama yoyote. Aliyechukua cheti ni mwanamke.

Tafadhali usiniletee mwanamume aliyevaa buibui. Hilo limechoka. Na wanawake wa matanga wanajuana kwa mwendo, kwa mafuta ya kichwani, kwa kikohozi. Angekamatwa kabla hajafika ngazi ya tatu.

Ukitaka kifo kiwe na shaka, kumbuka maziko ya Kiislamu hayangoji. Aliyekufa alfajiri huenda akazikwa alasiri. Kufukua kaburi ni mpaka amri ya hakimu. Kwa hiyo usitegemee daktari na chumba cha maiti, mtegemee mwosha. Mwosha ameuona mwili wote, na anapaswa kuyasitiri aliyoyaona. Shahidi aliyeona kila kitu na hawezi kusema ni zawadi. Katika mswada wangu, mwosha aliona alama mkononi mwa Mzee Athman, na mji mzima ukanong'ona kuhusu sumu kwa sura nne. Mwisho ikawa ni alama ya sindano ya maji aliyotundikiwa hospitalini. Alama za kumpotosha msomaji zitoke namna hiyo, kwenye jambo la kweli lililoeleweka vibaya, zisiwe uongo wa mwandishi.

Ukiamua kuua kwelikweli, rudi kwenye hesabu, kwa sababu muuaji hamrithi aliyemuua. Ami Twaha akithibitika kuwa muuaji, anahesabiwa kama hayupo, na fungu lake linamwendea asaba anayefuata. Nani? Mwanawe mwenyewe, Mbarak, kijana ambaye Salma anampenda. Mchumba akapata milioni 15 kwa baba yake kutiwa hatiani. Mimi sikuitumia njia hii, lakini chukua, ni yako.

Hatua ya 3: Mweke mama kwenye eda, umpe dirisha

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Ni miezi ya mwandamo, kwa hiyo ni siku 128 hivi. Hajipambi, hatii manukato, hatoki ila kwa dharura, na mambo ya posa hayazungumzwi mbele yake. Huku kwetu huitwa kizuka, na neno hilo hilo ndilo jina la pepo anayeonekana na kutoweka. Lugha imekwisha kukuandikia nusu ya sura, usiipoteze.

Eda ni saa ya riwaya. Mzee Athman akifa katikati ya Januari 1993, eda inamalizika wiki ya tatu ya Mei. Unaanza na joto la kaskazi. Mwishoni mwa Februari unaingia Ramadhani, mwishoni mwa Machi ni Idi, na wageni wote wa Idi wanakuja kumpa mama salamu, washukiwa wako wote wakiwa wamevaa nguo mpya. Aprili mvua ya masika inaanza, paa linavuja, vitu vinahamishwa kutoka chumba hadi chumba, na vilivyofichwa vinaonekana. Eda ikiisha upepo umegeuka kusi. Hupangi tena lini jambo litokee, kalenda inakupangia.

Na mama asiyetoka anaona kuliko wanaotoka. Dirisha la juu linatazama njia ya Kibokoni. Anajua muuza kahawa anapita saa ngapi kwa mlio wa vikombe vyake, anajua nani amebadilisha njia ya kurudi nyumbani, anajua viatu vya nani viko mlangoni. Bi Zuhura wangu aligundua mapenzi ya Rukia kwa hesabu ya mahamri. Mwalimu fulani asiyekuwa na ukoo mjini alikuwa akinunua mahamri manne kila asubuhi kwa mama muuzaji wa pembeni, na yeye anaishi peke yake.

Usimfanye mama mchawi, wala malaika wa kulia kwenye mswala. Mfanye mtu aliyeamua jambo. Alikichukua cheti yeye mwenyewe, usiku ule wa matanga, chini ya macho ya wanawake sitini, kwa sababu kizuka akiinuka kwenda chumbani kwake nani atamwuliza? Alitaka kikae salama mpaka eda iishe aende Tanga kwa miguu yake akamlete kijana, kabla ami hajajua kwamba yuko mtu wa kumzuia. Ni nia njema. Lakini siku 128 za kunyamaza kwake zinawaunguza mabinti zake mmoja mmoja, naye anaziona dirishani. Hapo ndipo pa kukaza.

Hatua ya 4: Dada watatu, karatasi tatu

Kwa kila dada andika mistari mitatu tu: anapata nini siri ikifichuka, anakosa nini, anajua nini ambacho wenziwe hawajui. Usiandike tabia. Tabia itakuja yenyewe.

Rukia, mkubwa, anakosa milioni 3.4 lakini anapata jambo ambalo halinunuliki, nitalieleza punde. Salma anakosa 3.4 na pengine mchumba. Nuru, mziwanda, anakosa 3.4 na hapati lolote, na ndiye anayepeleleza. Nilimpa upelelezi yeye kwa sababu hiyo hasa: anafukua jambo ambalo litamtia hasara, na kila sura anaweza kuacha.

Waitane kama dada wanavyoitana. Nuru hasemi "Rukia", anasema "Da' Rukia", na siku atakapoliacha hilo "Da'" katikati ya ugomvi, msomaji ataruka kwenye kiti bila wewe kuandika kwamba alikasirika.

Utajiri nao uonyeshe kwa udogo wake. Magari na marumaru kila mtu anaandika. Mombasa utajiri wa zamani una sura yake: kuna ardhi ambazo mwenye kiwanja ni mmoja na wenye nyumba ni wengine, watu wamejenga juu ya ardhi isiyo yao na kila mwezi wanalipa kodi ya kiwanja. Daftari la kodi hizo, kwa mwandiko wa Mzee Athman, lina nguvu kuliko Mercedes. Rukia aliligeuza akakuta jina moja ambalo kwa miaka 11 halikulipa wala halikudaiwa. Likawa sura nzima.

Hatua ya 5: Funga mapenzi na fumbo kwa kamba moja

Hapa ndipo miswada mingi inapokatika. Utakuta sura ya upelelezi, kisha sura ya mapenzi ufukweni, kisha upelelezi tena, kama abiria wawili wasiojuana kwenye matatu moja. Ukiweza kuziondoa sura za mapenzi na fumbo likabaki zima, hujaandika riwaya ya mapenzi na fumbo. Umeandika mbili na zote fupi.

Kamba ninayoipenda mimi ni walii, jamaa wa kiume mwenye haki ya kumwoza binti. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi Pwani, mwanamke haozwi bila walii. Baba amekufa, babu hayupo, ndugu wa kiume hakuna, basi walii ni ami. Kwa hiyo yule yule anayesubiri milioni 15 ndiye anayeshika idhini ya ndoa za mabinti wote watatu.

Rukia anampenda mwalimu wake wa mahamri manne. Ami Twaha anakataa: hana ukoo, hana kitu. Rukia anaweza kumwendea kadhi na kulalamika kwamba walii anazuia bila sababu ya haki, na kadhi anaweza kumwoza yeye. Lakini ni binti gani wa nyumba hiyo atakayemshitaki ami yake matanga hayajapoa? Sasa fikiria Khamis akijitokeza. Ndugu wa baba mmoja anamtangulia ami katika uwalii. Kijana wa Tanga ambaye hata hajui kutumia kisu na uma ndiye atakayemwoza Rukia. Dada mkubwa anapoteza milioni 3.4 na anapata mume. Msomaji wangu mmoja aliniambia aliifunga riwaya hapo akaenda kupika chai, maana hakujua angemshauri nini.

Salma yuko upande wa pili. Mpenzi wake Mbarak ni mtoto wa ami, na ami anaifurahia posa hiyo kupita kiasi. Kila mtu anashangilia. Ni penzi lisilo na kizuizi hata kimoja, na ndilo lenye sumu, kwa sababu Salma naye anajua kujumlisha: milioni 16 zake na 15 za baba mkwe, mali yote inarudi chumba kimoja. Anapendwa yeye au zinapendwa 16? Hawezi kuuliza. Swali likishatoka mdomoni, jibu lolote limeharibika.

Kwa hiyo nilimpeleka Mbarak Tanga. Alipanda basi, akavuka Lungalunga na Horohoro, akafika kwa shughuli nyingine kabisa, akakutana na mzee aliyekuwa mmoja wa mashahidi wa ndoa ile. Akatoka hapo akiwa na ushahidi wa kumfukuza baba yake kwenye mirathi. Yuko peke yake. Hakuna aliyejua amekwenda. Akinyamaza, anaoa kwa shangwe. Sura ile niliiandika mara saba, na katika zote saba hasemi "nakupenda". Anarudi Mombasa usiku, anabisha, anamwambia Salma, "Mwite Ma'mkubwa aje ngazini. Nina kitu chake." Milioni 15 zimeondoka kwa sentensi hiyo.

Hatua ya 6: Dalili zitoke ndani ya nyumba

Usiazime alama za vidole. Nyumba ya Kiswahili imejaa vitu vinavyosema.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, ule wa kanga. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeungana, unanunua, unakata, unapinda pindo. Mbarak aliletewa Tanga cheti kingine? Hapana. Alipewa kipande cha kanga kuukuu, kilichofungiwa karatasi za mtoto, chenye maandishi: Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nuru alipokiona alikimbia kwenye sanduku la mama yake, akatoa kipande cha pili. Rangi ile ile, methali ile ile. Basi nyumba nzima ikaamini lililo dhahiri: Mzee alinunua doti moja akawagawia wake wawili, jeuri ya mwanamume. Wakalia, wakamlaani marehemu.

Nuru hakulia. Alivitandaza vipande kitandani, akageuza upande wa ndani, akatazama pindo. Mishono mifupi, imelala kidogo kushoto, na kila baada ya shubiri moja kuna fundo. Vyote viwili. Uzi wenyewe wa kijani, na kanga ni nyekundu. Ni mkono mmoja uliokata doti ile na kupinda ncha zote, na mkono huo Nuru aliujua tangu sare yake ya shule ya msingi, kwa sababu mama yao ni mtu wa mkono wa kushoto. Mzee hakugawa kitu. Bi Zuhura ndiye aliyempelekea mke mwenziwe nusu ya kanga yake siku mtoto alipozaliwa, na methali akaichagua mwenyewe.

Ili hilo lisiwe hila, msomaji lazima awe ameuona uzi wa kijani kabla. Mimi niliuweka mara tatu: sura ya 2 mama anapinda shuka ya msiba na Rukia anamcheka kwa uzi usiolingana, sura ya 9 Nuru anajichoma sindano yenye uzi huo, sura ya 15 mkebe wa nyuzi unahamishwa kwa sababu ya mvua. Mara ya kwanza iwe kichekesho, ya pili iwe maumivu, ya tatu iwe shughuli. Msomaji hashuku kitu kilichomchekesha.

Nyumba yenyewe nayo ni shahidi. Vyumba vya nyumba za mawe za kale ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi. Mtu akipima ukuta wa nje, akatoa unene wa kuta na upana wa vyumba anavyovijua, na ikabaki mita moja na nusu, basi pana mahali. Nuru alipima kwa utepe wa fundi cherehani. Nilimpa sura moja tu kwa hilo, maana chumba cha siri kikizidi kinageuka sinema.

Vingine nakutajia tu: harufu ya udi kwenye nguo ya mtu ambaye eda haimruhusu kujifukiza, kikuba cha asumini kilichonyauka ndani ya kitabu cha hesabu, kanga ya zamani yenye maandishi ya herufi za Kiarabu, inayoonyesha kwamba ni ya kale kuliko mwenyewe anavyodai.

Hatua ya 7: Waachie watu wasijibu

Katika mazungumzo, mwandishi mchanga humfanya kila anayeulizwa ajibu. Mama wa Pwani hajibu. Tazama:

"Mama, nani alifungua kasha?"
"Chai ina tangawizi?"
"Ina."
"Nyingi?"
"Mama."
"Da' Rukia hapendi nyingi. Mpelekee yeye kwanza. Kisha urudi, ufunge mlango."
Nuru alirudi, akafunga mlango. Mama yake alikuwa amelala, au alijifanya.

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Ukirudi nyuma baada ya kumaliza riwaya utaona kwamba Bi Zuhura hakudanganya hata mara moja katika kurasa 200. Niliipitia kila sentensi yake kwa kalamu nyekundu kuhakikisha. Inachosha, lakini ifanye.

Kimvita, lahaja ya Mombasa, kitie kidogo. "Wenda wapi?" na "yuwaja" vinatosha kumweka mtu Mombasa. Ukitia kila neno, msomaji wa Dodoma na wa Bujumbura atachoka ukurasa wa tano.

Hatua ya 8: Panga kutoka nyuma

Andika kwanza ukurasa ambamo ukweli unajulikana. Kisha orodhesha kila kitu ambacho msomaji alipaswa kuwa amekiona, ukivipanda mbele kimoja kimoja, vikae mbali na walipo watu wanaobusiana au kugombana ili jicho lipite. Mimi hupanga sura 24, kwa sababu mirathi ile inagawanyika kwa mafungu 24: matatu ya mama, 16 ya mabinti, matano ya ami. Sura tatu nimezisimulia kwa jicho la mama, tano kwa la ami, zilizobaki kwa mabinti. Ni ushirikina wangu tu, hakuna atakayekulazimisha.

Hatua ya 9: Mpe anayejua akusomee

Kabla ya mhariri, tafuta watu watatu. Mmoja aliyewahi kukaa mahakamani siku ya kugawa mirathi. Kenya mahakama ya kadhi husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na makarani wa huko wameona visa ambavyo hutathubutu kuviandika. Wa pili, mama aliyewahi kukaa eda. Mwulize saa zilipitaje, usimwulize sheria. Wa tatu awe mtu wa kusoma mapenzi tu, asiyejali nani aliiba nini. Akikuambia alijua tangu sura ya sita kwamba Mbarak atarudi na ule ushahidi, usifute. Mwulize kama alitaka arudi.

Mswada wa pili nilimpelekea shangazi. Alikaa nao siku nne, akanipigia usiku. Hakuuliza habari za ami. Alitaka kujua Bi Zuhura alipotoka eda alivaa kanga gani.